Kuishi kwa katuni za mtandaoni: Hela inatoka wapi, na inachukua muda gani?

Simu janja, programu ya bure na akaunti ya YouTube. Kwa maneno, hivyo ndivyo vitu pekee unavyohitaji ili kuanza kutengeneza katuni zako mwenyewe na kuziachia mtandaoni. Kuanza ni rahisi kweli. Kazi ipo kwenye kulipa kodi ya nyumba kwa hela ya katuni hizo.

Wapo wanaoweza. Wapo pia wenye vipaji vikubwa waliokaa miaka mitatu, wakamaliza bando na akiba, kisha wakarudi kutafuta ajira. Mara nyingi anayefanikiwa hajamzidi mwenzake kwa kuchora. Amemzidi kwa kujua biashara inavyokwenda.

Kwa ufupi

- Matangazo ya YouTube peke yake ni mara chache kumlisha mchoraji anayefanya kazi peke yake.
- Wengi wanaoishi kwa kazi hii wana njia tatu au nne za kipato, na kazi za wateja ndizo hubeba mzigo mwanzoni.
- Katuni za watoto zina kanuni zake, na kanuni hizo hupunguza mapato.
- Mali kubwa ya mchoraji ni wahusika wake. Akiwauza bila kujua, ameuza kila kitu.

Kwa nini dakika tatu ni kazi ya mwezi?

Filamu huonyesha picha 24 kwa sekunde moja. Wachoraji wengi hutumia kila mchoro kwa picha mbili, hivyo wanahitaji michoro 12 kwa sekunde. Katuni ya dakika tatu ina sekunde 180. Zidisha kwa 12, unapata michoro 2,160.

Tuseme kila mchoro unachukua dakika tano tu. Hizo ni saa 180, yaani zaidi ya siku 22 za kazi ya saa nane. Hapo hujaandika hadithi, hujarekodi sauti, hujachora mandhari wala kupanga muziki.

Ndiyo maana watu hutafuta njia za mkato zilizo halali. Ya kawaida ni kumchora mhusika mara moja, kumkata viungo kama kikaragosi, kisha kusogeza mkono, mdomo na macho badala ya kumchora upya. Nyingine ni kuwa na mandhari chache zinazojirudia: sebule, kituo cha daladala, darasa. Mtazamaji akicheka, hatauliza kwa nini sebule ni ileile.

Vifaa: Anza na ulichonacho

Gharama ya programu siyo kisingizio tena. Hizi zinapatikana bure:

- Blender: ya kompyuta, inatengeneza katuni za pande tatu na pia za kuchora kwa mkono. Filamu ya *Flow* ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia, iliyoshinda Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender.
- Krita: ya kuchora, na ina sehemu ya kuhuisha michoro.
- OpenToonz: imetokana na programu ya Toonz, iliyowahi kutumiwa na studio ya Ghibli ya Japani. Iliachiwa bure mwaka 2016.
- FlipaClip: ya simu na tableti. Toleo la bure lina mipaka, lakini linatosha kujifunzia.

Zilbalodis ana la kuwafundisha wanaoanza. Kabla ya *Flow* alitengeneza *Away*, filamu ndefu ya mwaka 2019, akiwa peke yake, kuanzia picha hadi muziki. Ilimchukua miaka zaidi ya mitatu. Oscar ilikuja baadaye, akiwa na timu na bajeti.

Kitu cha kwanza cha kununua, hela ikipatikana, ni maikrofoni nzuri. Watu huvumilia mchoro wa kawaida. Sauti mbovu hawaivumilii, hasa wanaposikiliza kwa spika ya simu.

YouTube inalipaje?

Ili kulipwa hela ya matangazo lazima uingie kwenye mpango wa washirika wa YouTube. Masharti ya kupata matangazo ni wafuasi 1,000, pamoja na moja kati ya haya mawili: saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi za Shorts kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90.

Tangu 2023 kuna ngazi ya chini pia: wafuasi 500, video tatu ndani ya siku 90, na saa 3,000 za kutazamwa kwa mwaka au Shorts kutazamwa mara milioni 3 ndani ya siku 90. Ngazi hii hufungua michango ya mashabiki. Matangazo bado. Huduma hizi pia hutegemea nchi uliyopo, hivyo angalia ndani ya akaunti yako kilichofunguliwa.

Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama katuni yako ni ya dakika tatu na mtazamaji wa kawaida anaangalia dakika mbili, unahitaji kutazamwa mara 120,000 ndani ya mwaka. Na muda wa watu kutazama Shorts wakiwa kwenye ukurasa wa Shorts hauhesabiwi kwenye zile saa 4,000.

Ukishaingia, mgawo uko hivi:

- Video ndefu: mtengenezaji anapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo.
- Shorts: asilimia 45 ya kile kilichotengwa kwa ajili yake.
- Uanachama wa chaneli na michango ya mashabiki: asilimia 70.

Hela haitoki mpaka ifike dola 100. Ikifika, kwa kawaida hulipwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata.

Sasa, video iliyotazamwa mara 1,000 inalipa kiasi gani? Hakuna bei moja. Inategemea watazamaji wako wapi, mwezi gani wa mwaka, na watangazaji wangapi wanagombea kuwafikia. Mtazamaji wa London analeta hela nyingi kuliko wa Mbeya kwa sababu watangazaji wanaomtaka ni wengi na wanalipa zaidi.

Kwa hesabu tu, tuseme chaneli inapata dola 1 kwa kila kutazamwa mara 1,000. Ili upate dola 500 kwa mwezi, unahitaji kutazamwa mara 500,000, kila mwezi. Ukiumwa wiki tatu, hesabu hiyo inaanguka.

Kwa nini mfumo huwabana wachoraji?

Kabla ya YouTube, wachoraji huru wa mtandaoni walikuwa na uwanja wao. Newgrounds, tovuti iliyoanzishwa na Tom Fulp wa Marekani mwaka 1995, ilijaa katuni fupi zilizotengenezwa kwa Flash na vijana waliokuwa vyumbani kwao. Hela haikuwepo sana, ila jina lilijengwa. Flash yenyewe ilizimwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020.

YouTube ilipoanza kugawana mapato na watengenezaji mwaka 2007, wachoraji walihamia huko. Mwaka 2012 upepo ukageuka. Mfumo wa kupendekeza video uliacha kuangalia zaidi idadi ya waliobofya, ukaanza kuangalia muda wanaokaa kwenye video.

Kwa anayecheza gemu na kuongea mbele ya kamera kwa saa nzima, kila siku, hiyo ilikuwa neema. Kwa mchoraji anayetoa dakika mbili kwa mwezi, ilikuwa pigo.

Waliobaki walijifunza kubadilika. Wengine walihamia kwenye kusimulia mikasa ya maisha yao kwa michoro rahisi, ambapo sauti ndiyo inabeba hadithi na mchoro unasindikiza. Video ya dakika kumi ikawezekana bila michoro 7,200. Wengine waliweka vipande vya katika kazi kati ya katuni moja na nyingine: michoro ya awali, jinsi mhusika alivyobuniwa, makosa ya kuchekesha wakati wa kurekodi. Vyote hivyo ni muda wa kutazamwa, na havihitaji mwezi mzima.

Mtego wa katuni za watoto

Wengi Afrika Mashariki wakisikia neno katuni wanawaza watoto. Kabla hujachagua njia hiyo, zijue kanuni.

Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani katika kesi iliyohusu ukusanyaji wa taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Kuanzia Januari 2020, kila mwenye chaneli lazima aseme kama video yake imetengenezwa kwa ajili ya watoto.

Ukisema ndiyo, video haipati matangazo yanayolenga mtu kwa kufuata tabia zake mtandaoni, ambayo ndiyo hulipa vizuri. Sehemu ya maoni inafungwa. Michango ya mashabiki na uanachama havipatikani kwenye video hiyo. Ukidanganya ili upate hela zaidi, unajitafutia matatizo na YouTube, na pengine na sheria.

Haimaanishi katuni za watoto hazilipi. Zinaweza kulipa, ila kwa njia nyingine. *Ubongo Kids* ilianza kurushwa TBC1 mwaka 2014 kutoka Dar es Salaam, na leo inajulikana katika nchi nyingi za Afrika. Ubongo ni taasisi isiyogawana faida, na nguvu yake kubwa imetokana na ruzuku na ubia na mashirika. Ukitaka kutengeneza katuni za kufundisha watoto, jifunze kuandika andiko la mradi mapema kama unavyojifunza kuchora.

Njia nyingine za kuingiza hela

1. Kazi za wateja. Hapa ndipo wengi hula. Benki inataka video ya dakika moja kueleza huduma mpya. Shirika la afya linataka katuni kuhusu chanjo. Msanii anataka video yenye mashairi ya wimbo yakicheza kwenye skrini. Chaneli yako, hata ikiwa na wafuasi 800 tu, ndiyo inakuwa onyesho la kazi zako.

Kanuni tatu hapa ni muhimu: chukua malipo ya awali kabla hujachora mstari, andika idadi ya marekebisho unayokubali, na usikabidhi faili za mwisho kabla hujalipwa salio. Mteja anayesema "wewe fanya tu, tutaelewana" mara nyingi ndiye mnayekuja kutoelewana.

2. Mashabiki wanaochangia kila mwezi. Patreon, iliyoanzishwa 2013, ndiyo maarufu zaidi. Watu 100 wanaotoa dola 3 kila mmoja ni dola 300 kabla ya makato, na hela hiyo haitetereki sana video moja ikibuma. Kabla hujajiunga, hakikisha kuna njia ya kupokea malipo inayofanya kazi nchini kwako. Huduma iliyofunguliwa Kenya si lazima iwe imefunguliwa Tanzania au Burundi.

3. Wadhamini. Kampuni inalipa ili itajwe ndani ya katuni. Mara nyingi dili moja la hivi linazidi mapato ya matangazo ya miezi kadhaa. Wadhamini huangalia watazamaji wako ni akina nani, siyo idadi peke yake. Chaneli yenye watazamaji 20,000 waaminifu wa Kiswahili ina thamani kwa kampuni ya simu ya hapahapa.

4. Bidhaa. Fulana, vikombe, midoli. Hii hufanya kazi mhusika wako akishapendwa, si kabla.

5. Kuuza haki za kuonyesha. Televisheni, kampuni za simu na majukwaa ya filamu hununua haki ya kurusha kazi iliyokwisha tengenezwa. Soma mkataba: kuruhusu irushwe kwa miaka miwili na kuuza moja kwa moja ni vitu viwili tofauti.

Waliotoboa: walifanyaje?

Vivienne Medrano, Marekani. Alitengeneza kipindi cha majaribio cha *Hazbin Hotel* kwa michango ya mashabiki wa Patreon, akishirikiana na wachoraji wa kujitegemea. Alikiweka YouTube Oktoba 2019. Kilipopata mamilioni ya watazamaji, kampuni ya A24 ilikichukua, na mfululizo kamili ukaanza kuonyeshwa Prime Video Januari 2024. Kutoka majaribio hadi mfululizo ilipita zaidi ya miaka minne.

Glitch Productions, Australia. Studio ya ndugu wawili, Luke na Kevin Lerdwichagul. Oktoba 2023 waliachia YouTube kipindi cha kwanza cha *The Amazing Digital Circus*, kilichobuniwa na msanii anayejiita Gooseworx. Kimetazamwa zaidi ya mara milioni 300. Wanaendelea kutoa vipindi bure YouTube, na mauzo ya bidhaa za wahusika ni nguzo kubwa ya kazi yao. Mwaka 2024 vikaanza kuonyeshwa Netflix pia, bila kuondolewa YouTube.

Raymond Malinga, Uganda. Studio yake ya Creatures mjini Kampala ilitoa filamu fupi *A Kalabanda Ate My Homework* mwaka 2017, ikimtumia kalabanda, jinamizi la hadithi za wanafunzi wa Uganda. Baadaye alipata nafasi ya kuongoza *Herderboy*, moja ya filamu kumi za *Kizazi Moto: Generation Fire* zilizotoka Disney+ Julai 2023. Mkenya Ng'endo Mukii naye aliongoza *Enkai* katika mkusanyiko huohuo.

Wote walitengeneza kwanza kitu kidogo kilicho chao, kikamilifu, ndipo wakubwa wakaja. Na kalabanda hakuazimwa kutoka Marekani wala Japani.

Hakimiliki: usiuze mbegu

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001, chini ya KECOBO. Kazi yako inalindwa tangu unapoitengeneza, lakini kuisajili kunasaidia sana ikitokea mvutano.

Mambo ya kuangalia:

- Mkataba wa mteja. Je, ananunua video hii, au ananunua na mhusika? Kama ni mhusika pia, bei lazima iwe tofauti kabisa.
- Marafiki mnaoshirikiana. Aliyeandika hadithi, aliyetoa sauti na aliyechora waandikiane nani anamiliki nini. Fanyeni hivyo wakati hakuna hela, maana ikishakuja ni vigumu.
- Muziki. Kuweka wimbo wa Bongo Fleva bila ruhusa kunaweza kufanya mapato yote ya video yaende kwa mwenye wimbo. Maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kufuta chaneli nzima. YouTube ina maktaba ya muziki wa bure. Itumie, au mlipe mtayarishaji wa mtaani kwako akutengenezee wako.

Kodi nayo ipo

Google hukuomba ujaze taarifa za kodi za Marekani, hata kama hujawahi kukanyaga huko. Usipojaza, inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima. Ukijaza, kwa nchi zisizo na mkataba wa kodi na Marekani, zikiwemo Tanzania na Kenya, makato ni asilimia 30, ila kwa mapato yaliyotokana na watazamaji wa Marekani peke yake. Kwa mwenye watazamaji wengi wa Afrika Mashariki, kujaza fomu ni kuokoa hela.

Nyumbani nako: Kenya iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali ya wakazi kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Tanzania ikaja na asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui mtandaoni kupitia Sheria ya Fedha ya 2024. Weka kumbukumbu za kila malipo, na muulize afisa wa TRA au KRA hali yako mapema.

Je, akili bandia itamaliza kazi hii?

Programu zinazotoa video kwa maandishi tu zimejaza mtandao katuni za haraka haraka. Julai 2025 YouTube iliweka wazi kwamba video zinazozalishwa kwa wingi na kujirudiarudia hazistahili kulipwa.

Kwa mchoraji huru, ushindani wa wingi ameshaushindwa. Hawezi kuishinda mashine kwa kasi. Anachoweza ni kuwa na mhusika ambaye watu wanamngoja: mama ntilie mwenye majibu, konda asiyerudisha chenji, mwanafunzi anayeogopa kalabanda. Na lafudhi ya kweli, ya Tanga, ya Mombasa au ya Lubumbashi, bado inatoka vizuri zaidi kinywani mwa mtu.

Kabla hujaacha kazi

Jipime kwa maswali haya:

- Umeshamaliza katuni ngapi? Zilizo nusu hazihesabiwi.
- Unaweza kutoa kazi moja kila mwezi kwa miezi sita ukiwa bado na shughuli nyingine?
- Una wateja angalau wawili waliokulipa na kurudi?
- Una akiba ya kukuweka miezi sita bila kuomba?
- Njia zako za kipato ni zaidi ya moja?
- Wahusika wako ni mali yako kwa maandishi?

Ukijibu ndiyo kwa yote sita, una msingi. Kama bado, usiache kuchora. Anza na katuni ya sekunde 30, mhusika mmoja, chumba kimoja, kichekesho kimoja. Sekunde 30 ni michoro 360, na ukichora 12 kila jioni baada ya kazi, ndani ya mwezi mmoja itakuwa imekamilika.